Nyumba Tuliyoipamba kwa Ajili ya Wageni

Nitakayoyaeleza hapa si mambo ya fakhari kwangu, na lau kama ningaliifuata nafsi yangu ningaliyaficha. Lakini kila niingiapo katika nyumba za jamaa na marafiki naona lile lile lililokuwa kwetu: ukumbi unaong'aa, na nyuma ya ukumbi, mahali wanapoishi watoto, khatari zimekaa wazi kama vyombo vya kawaida. Nikaona kunyamaza ni khiana. Mwenye kujikwaa na jiwe gizani hana budi kumwambia anayemfuata nyuma.

Nyumba yetu imo katika Mji Mkongwe wa Unguja, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hulazimika kubandika bega ukutani. Ni nyumba ya ghorofa mbili aliyoiacha marehemu babu yetu. Imejengwa kama zilivyojengwa nyumba nyingi za zamani za mji huu: kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na sakafu zilizobebwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba vyake ni ule uliotolewa na urefu wa boriti, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Chini kuna ua mdogo wenye kisima, na ngazi ya kupanda juu ni ya mawe, imesimama wima, na vipandio vyake vimelika katikati kwa nyayo za watu wa zaidi ya miaka mia moja. Mji wote huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, nasi wenyeji twajivunia jambo hilo. Lakini urithi wa dunia haumshiki mkono mtoto anayetambaa kuelekea kwenye ngazi.

Mwaka 2019 nilihamia humo pamoja na mke wangu na binti yetu mdogo, ili tukae na mama yangu aliyekuwa amebaki peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2021 Mwenyezi Mungu akaturuzuku mtoto wa kiume. Kwa kuwa mama alikuwa na maumivu ya magoti, naye hawezi tena kushuka na kupanda mara kwa mara, tuliliacha jiko la uani lililotumiwa na wazee wetu, tukapafanya pa kupikia juu, katika ujia ulio kando ya kichwa cha ngazi. Tukaweka meza, jiko la gesi, na birika la umeme. Tuliona tumejirahisishia kazi. Na kweli tulijirahisishia. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba tumeuchukua moto kutoka uani, mahali palipokuwa na nafasi, tukauleta katika njia wanayopita watoto, tena mkabala na ngazi.

Mke wangu ndiye aliyeliona mwanzo. Mtoto wetu alipoanza kusimama kwa kushikilia vitu, aliniomba mambo mawili tu. La kwanza, kijimlango cha mbao kwenye kichwa cha ngazi. La pili, rafu ya kupigiliwa ukutani juu, ili birika na vitu vya moto visikae juu ya meza ambayo mtoto anaifikia. Hakuomba dhahabu wala safari. Nilimjibu kwa neno ambalo mpaka leo huniwasha kifuani kila nilikumbukapo. Nilimwambia, "Subiri kwanza arusi ipite."

Arusi yenyewe ilikuwa ya dada yangu mdogo, nayo ilipangwa kufanyika katika mwezi wa Shaabani, mwaka 2023. Wageni walitazamiwa kutoka Pemba, Tanga, Mombasa, na hata Maskati. Basi mimi na mama tukashika kazi ya kuutengeneza ukumbi. Tuling'oa lipu ya chokaa iliyokuwa imechakaa, tukapiga lipu ya saruji iliyonyooka kama kioo. Tuliweka marumaru mpya sakafuni, dari ya jipsamu yenye taa ndogo ndogo, makochi, na mapazia yenye vishada vya rangi ya dhahabu. Fedha nilizokuwa nazo zilikwisha, nikakopa. Nami sitaficha: nilipoingia katika ukumbi ule jioni, taa zimewashwa, nilihisi kuwa mimi ni mtu.

Siku nne kabla ya arusi, baada ya sala ya alasiri, walifika wageni wa kwanza. Nilikuwa nimeketi nao ukumbini, na mmoja wao, bwana mzee mwenye adabu nyingi, alikuwa akiyasifu mapazia. Mke wangu alikuwa ujiani akitayarisha chai. Binti yetu alimwita chumbani, naye akageuka. Aligeuka tu, wala hakuondoka. Mtoto wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miezi 16, aliuona waya wa birika unaning'inia kwenye ukingo wa meza, akauvuta kama mtoto avutavyo kamba yoyote. Nilisikia kilio, na katika maisha yangu yote sijapata kusikia kilio cha namna ile. Nilipofika, mkono wake wa kulia, tangu kiwiko mpaka kifundo, ngozi yake ilikuwa imebadilika.

Watu walijaa ujiani mara moja, kila mmoja na dawa yake. Mmoja ataka dawa ya meno, wa pili ute wa yai, wa tatu unga wa ngano. Mke wangu hakumsikiliza mtu. Alimbeba mtoto, akafungua bomba, akauweka ule mkono chini ya maji yanayotiririka, akasimama pale huku mtoto akipiga kelele na watu wakimlaumu kwamba anamtesa. Alisimama hivyo kiasi cha dakika 20, halafu akauzungushia kitambaa safi, tukaenda hospitali. Daktari alipoutazama akatuuliza ni nani aliyeutia maji. Mke wangu akasema ni yeye. Daktari akamwambia, "Maji yale ndiyo yaliyomwokoa na mengi." Alitueleza kwamba ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yetu, hata maji ya nyuzi 60, ambayo hayajafika kuchemka, humbabua kwa sekunde chache, na kwamba joto huendelea kuchoma ndani ya nyama hata maji ya moto yakishamwagika, mpaka lipozwe. Dawa ya meno, yai, siagi na unga huzuia joto lisitoke na huleta uchafu katika jeraha. Nayaandika haya kwa makusudi, ndugu msomaji, ili uyashike hata kama hutayashika mengine: maji baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20, wala si barafu, kisha hospitali.

Arusi ilifanyika. Wageni wakaja, wakakaa juu ya makochi, wakausifu ukumbi. Mimi nilikuwa nikipokea sifa hizo kama mtu anayepokea deni la watu.

Baada ya arusi kulizuka nyumbani neno ambalo lingeweza kuleta fitina. Mama, kwa uchungu wa mjukuu wake, alisema mbele ya mke wangu: "Katika nyumba hii nimelea watoto saba, wala hapana hata mmoja aliyeungua." Mke wangu hakujibu. Aliinamisha kichwa, akaendelea kumfunga mtoto bendeji. Mimi pia nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa dhulma, kwani nilijua ni nani aliyeambiwa habari ya rafu na kijimlango, akasema subiri.

Usiku ule sikupata usingizi, nikawa nalipima neno la mama. Je, ni kweli kwamba wazee wetu walikuwa waangalifu kuliko sisi? Nikaanza kuikumbuka nyumba hii nilipokuwa mtoto. Bibi alikuwa akikaa mchana kutwa kwenye kigoda kando ya ngazi, akipepeta mchele au akisuka ukili. Shangazi wawili walikuwa ghorofa ya juu. Jikoni uani walikuwako wanawake watatu au wanne kwa pamoja, na mlango wa jirani uko wazi. Mtoto akipita huyu humwita, na akimpita huyu humkuta yule. Nyumba ile ilikuwa na macho kumi. Leo ndani yake tumo watu wazima watatu: mmoja hawezi kupanda ngazi upesi, mwingine yumo kazini tangu asubuhi, na wa tatu ndiye apikaye, afuaye, amvalishaye binti nguo za skuli, na amchungaye mtoto mchanga. Tumeirithi nyumba ya macho kumi, lakini macho hatukuyarithi. Basi kazi iliyokuwa ikifanywa na macho hayo, leo haina budi kufanywa na mlango, na kufuli, na rafu, na msumari. Kumlaumu mama mmoja kwa kazi iliyokuwa ya watu wanane si uadilifu.

Asubuhi nilikwenda kwa mama, nikambusu mkono, nikamwambia kweli yote: kwamba mkewe mwanao aliomba, na mwanao ndiye aliyekataa. Mama alikaa kimya muda mrefu, akizungusha tasbihi yake. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatazamia: "Mwanangu, na mimi nilisema lisilo. Wewe mwenyewe, ulipokuwa na miaka miwili, ulikunywa mafuta ya taa. Yalikuwa ndani ya chupa ya soda, chini ya meza. Ulilala hospitali siku sita, unakohoa kifua kinakaribia kupasuka. Sijapenda kulikumbuka tangu siku ile." Halafu akamwita mke wangu, akamkalisha karibu naye juu ya mkeka, akamtaka radhi mbele yangu. Nikafahamu kwamba nyumba zetu zote zina khabari kama hizi, nasi huzifunika, tuwahesabuo ni watoto waliosalimika, kisha twasema, "Zamani hapakuwa na mambo haya."

Masika ya mwaka ule yakaniletea somo la pili. Lipu yangu ya saruji, iliyonyooka kama kioo, ilianza kuvimba kama mkate, kisha ikaanguka vipande vipande. Na kipande kimoja kikubwa kiliangukia mahali binti yangu alipozoea kuchezea. Wakati huo hakuwepo, alhamdulillahi. Nikamwita mwashi mzee, mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Aliugonga ukuta kwa kidole kama daktari agongavyo kifua, akaniambia: "Baba, ukuta huu unapumua. Unakunywa maji ya mvua na ya ardhi, kisha unayatoa kupitia kwenye chokaa. Wewe umeuziba pua kwa saruji. Maji yamekosa pa kutokea, yamekaa ndani yanakula." Akanieleza kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa hutengenezwa kwa chokaa, na kwamba unyevu unaofungiwa ndani hulainisha udongo na huoza ncha za boriti zilizoingia ukutani. Sote twakumbuka vipi tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na lililokuwa likitengenezwa wakati huo, ilivyoporomoka na roho za watu zikapotea. Nyumba kuukuu ni kama mzee: yataka utibiwe ugonjwa wake, si uso wake upakwe poda.

Nilimwomba mwashi yule tuanze upya, nikamuuliza tuanzie wapi. Hakunijibu palepale, kwani ilikuwa imeingia adhuhuri. Tukasali pamoja pale ujiani. Nilipokwenda sijda, mwanangu alikuja akanipanda mgongoni kama ilivyo ada ya watoto. Nikakumbuka khabari ya Mtume wetu (S.A.W.), kwamba siku moja aliirefusha sijda yake kwa sababu mmoja wa wajukuu zake alikuwa amempanda, naye hakupenda kumharakisha. Basi nami nikakaa. Na baada ya salamu, nikiwa bado chini, niligeuza kichwa nikaiona nyumba yangu kama sijapata kuiona. Chini ya kabati niliona waya uliochunika. Nyuma ya mlango niliona chupa ya dawa ya kuulia wadudu. Niliona kwamba ile bembeo ya makabati tuliyoinunua kwa ajili ya vyombo vya arusi haikushikwa na kitu ukutani, na kwamba droo zake kwa mtoto ni ngazi. Kila siku nimekuwa nikiweka paji la uso wangu juu ya sakafu hiyo mara nyingi, na sikuyaona. Nikamwambia mwashi, "Fundi, nimejua pa kuanzia."

Tulizoziita khatari tuliziandika katika daftari, tukazipanga kwa kuuliza maswali mawili: lipi linaweza kuua, na lipi ni rahisi. Yaliyokuwa ya kuua na rahisi pia tuliyafanya wiki ile ile. Nitayataja kwa ufupi, huenda yakamfaa mwingine.

Kwanza, ngazi. Seremala alitutengenezea vijimlango viwili, kimoja juu na kimoja chini, vyenye komeo upande ambao mtoto haufikii. Cha juu kimepigiliwa bawaba ukutani, si cha kukazwa kwa kubana tu, maana kinachobana huweza kusukumwa kikaanguka pamoja na mtoto. Fito zake zimesimama wima, wala hazikulazwa, kwa sababu fito zilizolazwa ni ngazi nyingine. Na nafasi kati ya fito na fito haizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipite. Vivyo hivyo tuliutengeneza ukingo wa roshani, ukafika urefu wa mita moja na zaidi. Kwa upande wa nje wa nyumba hatukugusa kitu bila ya kwanza kuomba ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani hiyo ndiyo kanuni ya mji wetu. Kazi za ndani za mbao hazikutudhuru mbele ya mtu.

Pili, maji. Kisima cha uani kilikuwa na kifuniko cha bati kilichowekewa jiwe juu. Tukakifanyia kifuniko cha mbao nene chenye fremu ya chuma na kufuli, na ufunguo unakaa kwa mama. Lakini daktari alitutanabahisha kwamba mtoto hahitaji kisima ili azame. Ndoo yenye maji kidogo yamtosha, kwani kichwa chake ni kizito, na akiinama akatumbukia hawezi kujinyanyua. Basi ndoo zetu usiku hufudikizwa, na pipa la maji ya mvua lina kifuniko, jambo ambalo pia huwanyima mbu mahali pa kutagia.

Tatu, moto. Ile rafu iliyoombwa tuliipigilia, na waya wa birika umefupishwa na kufungwa nyuma. Mitungi na majiko imezungushiwa ukuta mfupi wa matofali ambao mtu mzima huruka na mtoto hasogei. Seredani haiingizwi chumbani abadan, wala chetezo hakiwekwi sakafuni. Udi twaufukizia juu, kisha makaa huzimwa. Moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini bila ya harufu. Nasi tunayo mafundisho katika jambo hili: nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani, na Mtume (S.A.W.) akawaamrisha watu wazime moto kabla ya kulala. Pia aliwaonya wanaolala juu ya dari isiyokuwa na kizuizi. Dini yetu haikuona kuwa ukingo wa dari na taa ya usiku ni mambo madogo yasiyostahili kutajwa.

Nne, umeme. Soketi zetu za matundu matatu zina vijilango ndani yake, ambavyo hufunguka pale tu ule mguu mrefu wa juu wa plagi uingiapo. Ni hifadhi iliyokusudiwa mtoto. Sisi wenyewe huiharibu: tukiwa na plagi ya miguu miwili, twachukua kalamu au kijiti, twakidunga katika tundu la juu, na mtoto amesimama anatutazama. Mimi nimelifanya hilo mara nyingi, na siku moja nilimkuta binti yangu ameshika penseli akielekea kwenye soketi, akaniambia, "Naifungua kama wewe, baba." Tangu siku hiyo plagi za miguu miwili zimebadilishwa zote. Fundi wa umeme alitutilia kile kifaa kidogo kinachokata umeme mara tu unapovuja, cha kipimo cha miliampia 30, na waya zilizochunika zikatupwa.

Tano, sumu. Mafuta ya taa, dawa ya kuondolea madoa, dawa za panya na dawa za wagonjwa zote zimo katika kabati moja la juu lenye kufuli, na kila kitu kimo katika chombo chake chenyewe. Chupa ya soda haitiwi ila soda. Na akinywa mtoto mafuta ya taa, asitapishwe. Kwani yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Apelekwe hospitali upesi. Mama ndiye aliyesimamia kabati hili, nami najua kwa nini.

Sita, rangi. Milango yetu ya zamani ina matabaka mengi ya rangi ya mafuta, na rangi za namna hiyo za miaka ya nyuma, na baadhi ya zinazouzwa hata leo, zina madini ya risasi. Vumbi lake likiingia kinywani mwa mtoto huidhuru akili yake pole pole, wala hapana kiasi chake kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa hiyo hatukuiparuza kavu. Tulimpeleka mke wangu na watoto kwa wazazi wake siku tatu, tukailowanisha rangi iliyobanduka ndipo tukaiondoa, tukapangusa kila mahali kwa matambara mabichi, na kuyatupa. Baada ya hapo tukanunua rangi ambayo kopo lake limeandikwa kuwa haina risasi.

Saba, kabati na rafu zote ndefu zimefungwa ukutani kwa vyuma, na lipu ya saruji imeondolewa, ikarudishwa ya chokaa. Haing'ari kama kioo, lakini yapumua, na imetulia.

Utaniuliza, ndugu msomaji: je, mambo haya si ya wenye mali? Nilifanya hesabu nilipomaliza. Bei ya mapazia ya ukumbi peke yake ilizidi gharama za vijimlango, kifuniko cha kisima, rafu na kufuli zote zikichanganywa pamoja. Na mengi ya hayo hayakununuliwa: kufudikiza ndoo hakununuliwi, wala kufunga waya, wala kuhamisha chupa. Anayekaa nyumba ya kupanga, ambaye hana ruhusa ya kutoboa ukuta, anaweza kuhamisha meza na kuinyanyua sumu. Lililokosekana kwetu halikuwa fedha. Lilikosekana jicho, na lilikosekana sikio la kumsikiliza anayeshinda nyumbani.

Na hili la sikio ndilo nataka wanaume wenzangu wanisikie. Tumefunzwa kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kwamba ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Mchunga hawezi kusema, "Sikuwapo," na ilhali aliyekuwapo alimwambia. Mkeo anaposema, "Ngazi hii inanitisha," usimjibu kwa habari ya wageni. Yeye ndiye aliyekwisha kumdaka mtoto mara kumi ambazo wewe hukuziona, na anakuomba umsaidie kwa ile ya kumi na moja. Wala kusema, "Mungu ndiye mlinzi," si jawabu. Ni kweli kwamba Yeye ndiye mlinzi, lakini mwenye kumwacha ngamia bila ya kumfunga kisha akategemea, alikwisha kufunzwa kwamba amfunge kwanza.

Sisemi kwamba wageni wasikirimiwe, wala kwamba ukumbi uwe mchafu. Kumkirimu mgeni ni katika heshima zetu, na Mswahili asiyekuwa na mahali pa kumkalisha mgeni huona haya. Lakini mgeni hukaa saa moja, akanywa kahawa, akaondoka. Mtoto huishi humo usiku na mchana, hana mahali pengine pa kwenda, wala hana ulimi wa kushitaki.

Leo mwanangu ana miaka 4. Mkono wake umepona, wala hauna udhaifu, ila kovu lipo tangu kiwiko mpaka kifundo. Wageni wakija siku hizi, kitu cha kwanza wanachokiona wakipanda ngazi ni kijimlango cha mbao, na baadhi yao hukiona kibaya katika nyumba ya zamani kama ile. Mama ndiye huwajibu. Huwaambia, "Fungeni nyuma yenu, tafadhalini."

Siku hizi ninamfunza kutawadha. Anakunja mikono ya kanzu yake mwenyewe, anaosha mkono wa kulia, na maji hupita juu ya lile kovu. Juzi aliniuliza, "Baba, hii ilikuwaje?" Nilimwambia kweli yote, na ya kwamba mama yake aliniomba rafu, nami sikuipigilia. Akanitazama, akatazama juu ya jiko, akasema, "Mbona ipo?" Nikamwambia, "Ipo sasa." Akaendelea na mkono wa kushoto.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na watoto wa Waislamu na wa watu wote, na atujaalie tuwe wenye kuitangulia khatari, wala si wenye kuifuata nyuma kwa majuto. Wabillahi taufiq.